Elfu na Sita

Tik.

Kila alfajiri, kabla adhana ya msikiti wa Laweyan, mtaa wa batiki mjini Solo, Java, haijasikika, Bu Harsini aliisikia sauti ile kutoka banda la gari: tone moja la oili likidondokea kwenye sinia ya bati. Tik. Halafu kimya cha kutosha mtu kugeuka ubavu. Halafu tik nyingine. Alikuwa mjane wa mwaka wa pili, na katika nyumba ile kubwa yenye kuta ndefu hakuna aliyeamka kabla ya gari.

"Nakuja," alilijibu, akatafuta ndara zake kwa vidole vya miguu.

Gari lenyewe lilikuwa sedani nyeusi ya Kijerumani, ndefu, ya zama ambazo mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo cha kabati la mtiki. Marehemu mumewe, Pak Darsono, alilinunua wakati batiki za nyumba yao zilipokuwa zikigombaniwa madukani, na tangu siku hiyo hakuruhusu gereji yoyote iliguse tumboni. Alikuwa na dereva. Alikuwa na watu wa kuchemsha nta na watu wa kuchovya nguo. Lakini oili ya gari aliibadilisha mwenyewe, mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa Suro, pale watu wa Solo wanapoosha majambia ya urithi kwa ndimu na maji ya maua.

"Watu wa ikulu wana majambia yao," alikuwa akisema. "Sisi wenye maduka jambia letu ni hili."

Basi hulala chali juu ya mkeka, amevaa fulana na kikoi kilichochakaa, na Bu Harsini hupiga magoti pembeni kumshikia tochi. Mwaka wa kwanza alimwona mkewe akijisugua magoti. Mwaka wa pili akamletea mto mdogo alioushona mwenyewe, vibaya, kwa uzi wa kufungia magunia. Mto ule ulikuwa bado upo.

Kwa hiyo Bu Harsini aliijua kazi ya kubadilisha oili kama mtu anavyoujua wimbo wa jirani. Spana hakuwahi kuishika, lakini mshika tochi huona yote. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiona, nacho ni oili yenyewe. Ikishamwagika, Pak Darsono alikuwa akilifunika karai kwa gazeti upesi upesi. "Usitazame, Dik," humwambia, kwa lile neno la mume kumwita mkewe mdogo wangu. "Utajichafua macho." Bu Harsini aliuchukulia kuwa ni wema.

Huko Laweyan oili chafu hutoka na nakshi. Hilo linajulikana. Nyumba zile zimechora batiki tangu mababu, nta imeingia darini na rangi imeingia visimani, na chombo chochote kinacholala humo miaka mingi hunywa kidogo. Pikipiki hutoa nukta tu. Lori la muuza chumvi hutoa mistari ya mshazari. Mwenye chombo humwaga, hutazama, husema, "Mwaka huu imetoka nzuri," kisha humpa mzee wa mkokoteni anayeikusanya kwa ajili ya tanuri za matofali. Ukilivunja tofali la tanuri hizo utakuta ua ndani yake. Mafundi ujenzi wameshazoea. Humwekea fundi mwenzao tofali la namna hiyo pembeni kama ana mtoto wa kike.

Tangu Pak Darsono afariki oili ile haikuwa imebadilishwa, na Bu Harsini angeweza kuacha idondoke mpaka iishe kama si ujumbe ulioletwa na Sarmi, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa.

Sarmi hupita kila asubuhi na pikipiki yake, tempe zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Jana yake alizima injini getini akasema, "Bu, nimepewa salamu sokoni. Yule Yu Kidal wenu wa zamani, kule Wonogiri. Anaumwa. Macho nayo yanafunga. Amesema angependa uje kabla Suro haijaisha, na uje na ua lake."

"Ua gani?"

"Mimi nimepewa maneno, Bu, sikupewa maelezo."

Yu Kidal maana yake ni Dada Mashoto. Kila mtu katika karakana alimwita hivyo kwa sababu kalamu yake ya nta aliishika kwa mkono wa kushoto, na hakukuwa na mkono mwingine Laweyan nzima uliovuta mstari mwembamba kama ule. Ndiye aliyeshona vitambaa vya kufunikia viti vya gari, ngozi isichubuke. Bu Harsini alipopata homa ya uzazi baada ya kumzaa Bagas, Yu Kidal alilala sakafuni miguuni pake siku zote za homa, akimlisha uji wa mchele kwa kijiko cha mtoto, na kila akizinduka alikuta ule mkono wa kushoto umelala juu ya kifundo cha mguu wake, kama mtu anayeshikilia mashua isiende. Macho yalipoanza kumsumbua, Pak Darsono alimrudisha kijijini kwao na gunia la mchele. Bu Harsini alimwambia getini, "Nitakuja kukuona." Alilisema tena kila Lebaran, yaani Idi, kupitia kwa watu. Hakuwahi kwenda.

Sasa alitaka kwenda wakati Yu Kidal bado anaona hata kivuli chake. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka sana.

Ua alilipata. Nyuma ya jiko palikuwa na chungu cha asumini ambacho Yu Kidal alikuwa akikimwagilia. Likabaki gari. Mwanawe Bagas, ambaye ndiye anayeendesha biashara sasa, alimwambia kwa simu, "Ibu, ngoja nikukodie gari zuri, lina dereva, lina kiyoyozi."

"Siwezi kwenda kwa Yu Kidal na gari la watu. Alilishonea hili viti na hakuwahi kuvikalia."

"Basi lipeleke gereji."

"Gereji wanataka likae wiki nzima."

"Na Ibu unataka lini?"

"Kesho," alisema Bu Harsini, na kesho ndiyo hii.

Alilipandisha gari juu ya zile mbao mbili za mtiki alizochonga marehemu, tairi za mbele zikainuka. Akaliacha likinguruma kidogo oili ipate joto, akazima, akafungua kifuniko cha juu ya injini. Akatandika mkeka. Ule mto wa magoti akauweka chini ya kichwa. Akasukuma karai, akasema bismillahi, akajiingiza chini taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

Boliti ya kumwagia oili ilikataa.

Alivuta spana kwa mkono mmoja, akavuta kwa mikono miwili. Akapumzika. Akavuta tena. Nje kukaanza kupambazuka na pikipiki ya Sarmi ikaingia uani.

"Mama yangu! Bu Harsini, umekufa au unatengeneza gari?"

"Natengeneza."

"Haya. Tempe niiweke wapi?"

"Juu ya boneti. Halafu njoo unishikie tochi."

Sarmi alipiga magoti. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini mkono wake ulitulia, na tochi ilimulika pale pale ilipotakiwa. "Ipige na nyundo," alishauri.

"Haipigwi. Ni kitu cha urithi."

"Labda haijakutambua, basi. Marehemu alikuwa anaiambia nini?"

"Hakuiambia kitu. Alikuwa anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Elfu, sita."

Kwa Kijava elfu ni sewu, na sita ni nem. Kila mwaka, akishaiweka spana kwenye boliti, Pak Darsono alinong'ona kooni kitu ambacho huku nje kwenye tochi kilisikika hivyo: sewu, nem. Halafu husubiri. Halafu boliti hulegea. Bu Harsini alidhani ni hesabu ya kilomita, au ya mizunguko, au ni tabia tu ya wanaume wakiwa chini ya vitu.

"Mwaka mmoja nikainunulia tiketi ya bahati nasibu," alisema kutoka chini. "Elfu moja na sita."

"Ukapata?"

"Nikapata kufokewa."

Sarmi alicheka mpaka mwanga ukatikisika. "Si uihesabie basi, Bu. Tempe za watu zinaningoja."

Bu Harsini aliiweka spana, akalainisha koo, akasema kwa sauti ya chini kama ya marehemu, "Sewu, nem."

Hakukutokea kitu. Jogoo wa jirani aliwika. Ukapita muda, kama ule anaouchukua mtu mzima kuinuka kitini, kutafuta fimbo yake na kufika mlangoni. Ndipo boliti ikashusha pumzi, ikazunguka kwa vidole viwili.

Oili ilitoka nyembamba na ndefu, kahawia iliyokoza, rangi ile ile ya magome ya miti ambayo Solo huitia kwenye batiki. Ilipokwisha kutona, Bu Harsini alijitoa chini ya gari na kulivuta karai mpaka kwenye mwanga. Hakukuwa na mtu wa kufunika gazeti. Oili ilizunguka, ikatulia, na maua yakapanda juu, moja moja, yakajipanga.

Aliyajua. Angeyajua hata kwa kuyapapasa. Lilikuwa Sekar Harsini, yaani Ua la Harsini: ua dogo la petali tano lililoinamisha kichwa, na nukta zikilizunguka kama wali uliomwagika. Pak Darsono alimpa kitambaa cha kwanza cha ua hilo siku ya harusi yao. "Nililiota," alimwambia, "nikajua ni wewe." Nyumba nzima ilisimama juu ya ua hilo. Sasa lilikuwa kwenye mapazia ya hoteli, mashuka na sare za watu wa maofisini, na mhuri wa shaba uliolipiga kwa mara ya kwanza ulikuwa umetundikwa dukani ndani ya kioo.

Lakini Sekar Harsini inainamia kulia. Maisha yake yote ilikuwa imeinamia kulia. Maua ya kwenye karai yaliinamia kushoto.

"Imetoka nzuri," alisema Sarmi, akichungulia. "Ila imegeuka."

"Imegeuka."

"Yangu mwaka huu ilitoa nukta na kitu kama kiatu." Akawasha pikipiki akaenda zake.

Bu Harsini aliendelea na kazi kwa sababu kazi haikuwa imekwisha. Katika kopo la kahawa alikuta washa za shaba, zile pete za boliti, mpya, zimepangwa kwenye waya. Pak Darsono alikuwa amemwachia za miaka mingi kuliko ambayo angeweza kuendesha. Akaivisha boliti moja, akairudisha, akaikaza mpaka ilipokataa, na nusu ya nusu zaidi. Akabadilisha filta. Akamimina oili mpya, ya rangi ya asali, akasubiri ishuke, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kikoi cha marehemu, akakichovya, akakitazama. Ilikuwa kati ya alama mbili, pale hasa inapotakiwa kuwa. Akaondoa sinia ya bati, akasikiliza. Hakukuwa na tik.

Karai hakumpa mzee wa mkokoteni. Alilifunika kwa mfuniko wa kioo wa sufuria ya karamu, akalikaza kwenye buti kati ya chungu cha asumini na gunia la mchele. Kama kulikuwa na mtu duniani anayeweza kumwambia kwa nini ua lake limeangalia kushoto, ni yule aliyelichora mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Gari lilienda kimya, kama mtu aliyekula akashiba. Kwenye kila kona ya barabara ya Wonogiri aliyasikia maua yakihamia upande mmoja wa karai kwa sauti ya kitambaa, kisha yakirudi mahali pake.

Nyumba ya Yu Kidal ilikuwa ya mbao na vigae, ua wake umefagiwa. Msichana alikuwa akitoka mlangoni, viatu mkononi, anawahi kazini. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo watu wa ofisi huvaa batiki, na yeye alivaa Sekar Harsini.

"Sare ya benki, Bu," alisema alipoona mgeni akimtazama kifuani. "Sekar Harsini. Nzuri, eti? Tunakatwa kwenye mshahara lakini nzuri."

"Nzuri," alisema Bu Harsini.

"Mimi Wening. Mbah ni mama wa bibi yangu." Akageukia ndani akaita, "Mbah Nem! Mgeni!"

Bu Harsini alisimama na chungu chake cha asumini mikononi.

"Nem ni nani?"

"Si Mbah? Painem. Ndilo jina lake." Wening akavaa viatu. "Kwani Ibu unamwitaje?"

Msichana hakungoja jibu, alikuwa amechelewa. Miaka yote ile ndani ya kuta zake, mkono ule juu ya kifundo cha mguu wake, na hakuwa amewahi kuuliza mashoto huyu mama yake alimpa jina gani.

Kisha akalisikia lile neno lote, kwa sauti ya marehemu, bila bati la gari kulikata kichwa. Mtu wa Java akipita mbele ya mkubwa, au akiingia mlangoni kwa watu, husema nuwun sewu: naomba radhi, naomba mara elfu. Nuwun sewu, Nem.

Hakuwa akihesabu.

Alikiweka chungu chini. Akasogea mpaka kwenye kizingiti, akainama kidogo, akasema neno zima kama linavyosemwa. "Nuwun sewu, Yu Nem."

Ndani kukawa kimya kwa muda ule ule, wa mtu mzima kuinuka kitini. "Pita tu, pita," sauti ikajibu. "Kwani leo mara ngapi?"

Yu Nem alikuwa amekuwa mdogo. Alikaa kwenye kitanda cha mianzi, macho yake na utando wa rangi ya maji ya mchele. Mezani kulikuwa na bilauri mbili za chai, moja tupu na moja imejaa, imepoa.

"Hiyo ni yako," alisema. "Ya tangu alfajiri. Kila Suro mtu hupiga hodi hapa mapema. Sauti ya kiume. Nuwun sewu, Nem. Nikifungua, hakuna mtu. Namwambia pita tu, namwekea chai. Haji kuinywa. Kisha miaka miwili asije, nikasema basi, Bwana amekufa. Leo ikaja ya kike."

"Ulikawia kujibu," alisema Bu Harsini.

"Magoti, Bu."

Bu Harsini aliketi akainywa ile chai iliyopoa mpaka mwisho. Akaeleza habari ya boliti, na ya elfu na sita, na ya tiketi ya bahati nasibu. Yu Nem alicheka mpaka akakohoa, ikabidi asuguliwe mgongo. "Elfu na sita! Ungeniuliza mimi nikupe namba ya maana." Alipopata pumzi, Bu Harsini akamwingizia gunia la mchele na chungu; Yu Nem akanyoosha mkono, akaugusa mchele, akaigusa asumini, akainusa. "Umeitunza. Asante. Lakini si hili, Bu. Nilisema ua langu."

Bu Harsini alitoka akalileta karai. Wote wawili waliliinamia. Macho ya Yu Nem hayakuwa yakiona kitambaa tena, wala uso wa mtu, lakini kitu cheusi kinachong'aa aliweza kukiona, naye alikitazama kwa muda mrefu.

"Eh," alisema. "Bado ananiegemea."

"Nani?"

"Binti yangu, Ratmi. Nilikuwa nachora kwa kushoto, kwa hiyo yeye alikaa kulia kwangu, asinipige kumbo. Usingizi ukimshika anaegemea huku. Ua lenyewe nililiita Sendhen, Kuegemea. Nilimchorea nguo ya harusi. Bwana aliiona kwenye kamba, akasema nzuri, Nem, akaichukua akaitazame vizuri. Kwenye mhuri wa shaba ua likageuka, likaangalia kulia." Akatabasamu. "Naona alikuwa bado anaitazama."

"Ratmi aliolewa amevaa nini?"

"Nguo ya kukodi. Ikamfaa tu. Wakahamia Sumatra bwawa lilipofunika mashamba, akazeekea huko. Huyu Wening ni mjukuu wake."

Bu Harsini aliutazama mkono wake mwenyewe. "Aliniambia aliliota."

"Huenda aliliota pia. Watu hulala, Bu."

"Ulijua. Kila siku uliniona nimelivaa. Na nilipougua ukalala miguuni kwangu."

"Ulikuwa na homa," alisema Yu Nem, kama anayemweleza mtoto. "Wewe ndiye uliyechukua nguo kwenye kamba?"

Bu Harsini alitoa simu, akampigia mwanawe pale pale kitandani, akaiweka sauti juu ili Yu Nem asikie.

"Bagas. Lile ua si langu. Ni la Yu Nem, Yu Kidal. Jina lake ni Sendhen na linainamia kushoto. Nataka ubadilishe."

"Ibu, umefika salama? Umekula?"

"Bado. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bu." Sauti ilikuwa ya upole, ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Lakini jina limesajiliwa. Liko kwenye mashuka ya hoteli tatu. Liko kwenye sare. Nikibadilisha leo, kesho watu mia wanakaa nyumbani. Tumpelekee Yu Kidal kitu kizuri Lebaran, eh? Kitu kizuri sana. Msalimie. Gari limeendaje?"

"Vizuri."

"Unaona? Ibu ni fundi. Kula, Bu."

Simu ilipokatika, kuku aliingia ndani, akatazama, akatoka. Bu Harsini akaanza kutafuta tena namba ya mwanawe.

"Mwache," alisema Yu Nem. "Nilimbeba mgongoni huyo. Wening naye anakula kwa sare hiyo hiyo. Sogeza karai."

Akachovya kidole cha kushoto kwenye oili. Alitafuta ua moja lililokuwa karibu na ukingo, akaivuta petali yake ya chini nje kidogo, kwa ncha ya ukucha, pole pole, bila kupumua. "Hapa niliharakisha," alisema. "Siku ile nta ilikuwa inapoa. Imenikera tangu enzi zile." Maua mengine yote ya kwenye karai yakasogeza petali zao za chini vilevile. Akafuta kidole kwenye sarungi yake. "Sasa sawa."

Karai waliliacha dirishani, na Bu Harsini akamshika mkono akamtoa nje kumwonyesha gari. Yu Nem alilipapasa kutoka taa mpaka buti, kama mtu anayemtambua ng'ombe wake. Bu Harsini akamfungulia mlango wa nyuma, upande aliokuwa akikaa Pak Darsono.

"Huko nyuma nitajiona kama mzigo," alisema Yu Nem. "Nataka mbele."

Akakaa mbele, juu ya kitambaa alichokishona mwenyewe. Akajisogeza. Akajisogeza tena.

"Kumbe mshono huu unakwaruza."

"Unakwaruza," alikiri Bu Harsini.

"Miaka yote hiyo! Mngeniambia."

Walizunguka kijiji kwa mwendo wa baiskeli, madirisha wazi. Yu Nem aliwapungia watu asiowaona. Walipita sokoni na shuleni, na mbele ya benki, ambako pazia refu la Sekar Harsini lilining'inia kwenye kioo, maua yote yameinamia kulia, na jina limeandikwa chini kwa dhahabu. Bu Harsini alipunguza mwendo. Alimwambia mwenziwe kilichokuwepo, maana hakutaka kumficha tena kitu chini ya gazeti.

"Rangi ni nzuri?" aliuliza Yu Nem.

"Nzuri."

"Afadhali."

Kisha usingizi ukamjia, kama unavyowajia wazee kwenye gari linalokwenda vizuri. Alikuwa amekaa kushoto kwa dereva, kichwa kikainama upande wa kulia, taratibu, mpaka kikatua kwenye bega la Bu Harsini. Bu Harsini aliendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani, akazima injini, akakaa hivyo hivyo, bega likifa ganzi, mpaka Yu Nem alipoamka mwenyewe.

Alimshusha, akamfikisha mlangoni, akamketisha karibu na dirisha, karai likiwa mbele yake. Akaaga kwa adabu zote. Alikuwa ameshafika getini Yu Nem alipomwita, bila kugeuza uso kutoka kwenye maua.

"Njoo tena, Bu. Usisubiri mpaka oili ichafuke."